Baada ya Kushauriana: hotuba kwa waandishi wa sheria wanaokwenda kusaidia mapitio ya katiba katika nchi zilizotoka vitani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanasheria wenzangu, asalaam aleikum na habari za mchana.

Nimepangiwa saa mbaya, mara tu baada ya chakula, msemaji anaposhindana na usingizi. Ndiyo maana mmekuta karatasi kwenye viti. Ichukueni. Upande wa mbele una sentensi moja: "Rais atamteua Jaji Mkuu baada ya kushauriana na Waziri Mkuu." Isomeni mara mbili, kisha mnijibu kwa mikono. Waziri Mkuu akisema hapana, Jaji Mkuu anateuliwa au hateuliwi?

Haya, mmegawanyika. Hawa wa karibu na mlango wanasema anateuliwa, kwa kuwa kushauriana si kukubaliana. Wale wa dirishani wanasema hateuliwi, maana kama jibu la mtu halina uzito basi kumuuliza kulikuwa ni kumpotezea muda. Na kuna dada pale nyuma ambaye hakunyoosha mkono mara zote mbili. Dada, wewe ningekuajiri leo.

Sentensi hiyo nimeifupisha kutoka Jedwali la Sita la Katiba ya Kenya ya 2010, sehemu ya masharti ya mpito. Mnakumbuka katiba ile ilitoka wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, Kofi Annan akaja kusuluhisha, na tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga wakasaini mapatano ya kugawana serikali, Kibaki akiwa Rais na Odinga Waziri Mkuu. Kwa hiyo walioandika masharti ya mpito walikuwa wakiandikia nyumba yenye wakuu wawili. Wakasema Jaji Mkuu mpya atateuliwa na Rais, kwa kuzingatia sheria ya mapatano yale, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na kwa idhini ya Bunge. Januari 2011 Rais akatangaza majina, likiwamo la Jaji Mkuu. Waziri Mkuu akasema hakukubaliana nayo. Upande wa Rais ukashikilia kwamba mashauriano yalifanyika. Yaani ubishi ulikuwa huu huu wa mlangoni na dirishani, ila wao walikuwa na polisi na wafuasi.

Bahati nzuri ulikwenda mahakamani. Mwanzoni mwa Februari Mahakama Kuu ikasema uteuzi ule haukufuata Katiba, Spika naye akaukataa, na kabla mwezi haujaisha Rais akayaondoa majina. Nafasi ikatangazwa, waombaji wakahojiwa, na Juni Willy Mutunga akaapishwa. Hata hivyo nataka mpige hesabu. Miezi mitano tu tangu kuzinduliwa kwa Katiba mpya, miaka mitatu tangu watu wachinjane, na nchi nzima ikawa inabishana juu ya neno "kushauriana".

Watu wengi wanadhani mtaalamu wa uandishi wa sheria huitwa ili alete mawazo. Anafika na mkoba wenye mfumo wa serikali, orodha ya haki, na ugatuzi wa mtindo wa nchi fulani. Wenzangu, mawazo wenyeji wanayo, na mengine wameyapigania kwa bunduki. Kinachokosekana mezani ni mtu asiyeona haya kuuliza maswali ya kitoto. Akikataa je? Akifa kabla hajaapishwa je? Kura zikilingana je? Siku sitini zinahesabiwa kuanzia lini, na nani anahesabu? Wanasiasa hawayapendi maswali haya, kwa sababu kila swali linarefusha kikao. Wao wana usemi wao, nanyi mnaujua: funika kombe mwanaharamu apite. Wanatafuta neno ambalo kila upande utakwenda nalo nyumbani ukidhani umeshinda. Shida ya baada ya vita ni kwamba mwanaharamu huyu anarudi, na anarudi siku ambayo Annan hayupo.

Hapo lakini lazima niwe mwangalifu, maana nilipokuwa kijana nililielewa somo hili vibaya. Nilikuwa nimetumwa kusaidia sekretarieti ya mazungumzo katika nchi moja ambayo sitaitaja. Usiku umekwenda sana, wajumbe wamevua koti, na mezani kuna kipengele kinachosema vikosi vya pande mbili "vitaunganishwa". Nikagundua kwamba upande mmoja unaelewa askari wake wataingia na vyeo vyao, na wa pili unaelewa kila mtu ataajiriwa upya. Nikamvuta mwenyekiti kwenye korido, nimejaa furaha ya mtu aliyeokota pochi. Nikamweleza. Mzee akanitazama, akasema: "Mwanangu, tunajua. Wao pia wanajua. Tukiuliza leo, kesho hakuna kikao."

Tangu siku ile nagawa utata katika mafungu mawili, na nadhani hapa ndipo kazi yetu yote ilipo. Kuna utata uliowekwa kwa makusudi na watu waliojua wanachokifanya, na kuna utata ulioingia kwa bahati mbaya, saa nane za usiku, kwa sababu mwandishi alichoka. Ule wa kwanza si wako kuuondoa. Huo ni mali ya pande zilizosaini. Ule wa pili ni wako wote, na ukiupitisha umewatega watu mtego ambao hakuna aliyeuomba. Mtaalamu asiyeweza kuitofautisha aina hizi mbili ni hatari, hata awe na shahada ngapi. Unaitofautisha kwa kuuliza, faraghani, kwa adabu, kisha unaandika kwenye daftari: tarehe, kipengele, nani alisema tunajua.

Na hata ule wa makusudi hauachwi uchi. Kama hawawezi kukubaliana juu ya jibu, waambie wakubaliane juu ya mambo matatu madogo: nani atalitafuta jibu, mpaka lini, na asipolipata nini kitatokea. Katiba ya Kenya ina ibara ya 261 inayofanya hivyo hasa. Jedwali la Tano limeorodhesha sheria ambazo Bunge lilitakiwa kutunga na muda wa kila moja. Bunge likishindwa, mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu, na ngazi ya mwisho ni Jaji Mkuu kumshauri Rais alivunje Bunge. Kwa mwandishi wa sheria hiyo ni kazi safi.

Safi, lakini angalieni ilivyotumika. Katiba hiyo hiyo inasema katika ibara ya 27 na ya 81 kwamba chombo cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa jinsia moja. Kwa mabunge ya kaunti, ibara ya 177 imeweka mtambo wa kulifikia hilo: uchaguzi ukiisha, viti maalumu vinaongezwa mpaka hesabu itimie. Sasa nendeni ibara ya 97, inayounda Bunge la Taifa. Wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 wa kaunti, 12 wa kuteuliwa. Jumla 349. Theluthi yake ni wanawake 117. Wana uhakika wa 47. Hao 70 wengine watatoka wapi kama majimbo hayakuwachagua? Ibara haisemi. Huhitaji shahada ya sheria kuliona shimo hilo, kikokotoo kinatosha, na ndiyo maana nawasihi muwe na kikokotoo mezani kila mnaposoma ibara yenye idadi.

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema sharti hilo litatekelezwa hatua kwa hatua, na ikalipa Bunge mpaka Agosti 2015. Muda ukapita, ukaongezwa, ukapita. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais amshauri alivunje Bunge, kama Katiba inavyotaka. Bunge halikuvunjwa. Likakaa mpaka muda wake ulipokwisha mwaka 2022. Mimi nalisoma hivi: adhabu ikiwa nzito mno, kila mtu anatafuta sababu ya kutoitoa. Ukiandika tokeo la kushindwa, andika tokeo ambalo kuna mtu ataliweza siku ya kawaida.

Sasa niwapeleke Burundi, na hapa nitakaa kidogo.

Mapatano ya Arusha, ya kumaliza vita vya Burundi, yalisainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akayamalizia. Wengi wetu tunayakumbuka kwa mgawo: katika Katiba ya 2005 ukaja kuwa asilimia 60 ya viti vya Bunge kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, wanawake wasiopungua asilimia 30, na nafasi tatu za Watwa. Hayo yalijadiliwa kwa mizani ya dhahabu. Lakini ndani ya mapatano yale, kwenye itifaki ya pili, kulikuwa na sentensi mbili fupi zilizofuatana kuhusu urais. Ya kwanza ilisema muhula ni miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja tu. Ya pili ilisema hakuna mtu atakayeshika urais zaidi ya mihula miwili.

Fungueni Katiba ya 2005. Ibara ya 96 inasema Rais anachaguliwa kwa kura ya moja kwa moja ya wananchi wote, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Ile sentensi ya pili haimo. Endeleeni kufunua kurasa, piteni ibara mia mbili na zaidi, mtafika ya 302, huko mwisho kwenye mambo ya mpito. Inasema kwamba kwa namna ya pekee, Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na Bunge na Seneti vikikaa pamoja. Kila ibara ikisomwa peke yake haina tatizo. Ziweke pamoja. Pierre Nkurunziza alichaguliwa na wabunge na maseneta mwaka 2005, akachaguliwa na wananchi mwaka 2010. Je, huo wa 2005 ni muhula wa ibara ya 96, au ni kitu kingine kisichohesabiwa?

Miaka kumi swali hilo lilikuwa limelala kwenye karatasi. Aprili 2015 likaamka. Chama chake kikampitisha agombee tena, siku ya pili watu wakajaa barabarani Bujumbura. Mapema Mei Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba anaruhusiwa, na makamu wa rais wa mahakama hiyo alikuwa ameshakimbilia Rwanda akisema majaji walishinikizwa. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, majenerali wakajaribu kupindua, wakashindwa. Watu wakaanza kukimbia. Mwezi ule ule makumi ya maelfu walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania ambacho kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na meli ya zamani ya MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma. Baadaye waliokimbia nchi walipita laki nne.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi sentensi moja ingezuia yote hayo. Mtu aliyeamua kubaki madarakani hatafuti ruhusa kwenye ibara. Ninachosema ni kwamba kamba hukatikia pabovu, na pabovu palipatikana. Laiti ile sentensi ya pili ya Arusha ingekuwa imehamishwa kama ilivyokuwa, angelazimika kuivunja Katiba mchana kweupe badala ya kuingia kwa mlango ulioachwa wazi, na majaji wangekuwa na maneno ya kushika mkononi. Je, ilidondoka kwa bahati mbaya, au kuna aliyeidondosha? Kutoka kwenye maandishi matupu huwezi kujua, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Kama kungekuwa na daftari la mwandishi lenye sababu ya kila sentensi iliyohamishwa na iliyoachwa, majaji wangeuliza daftari.

Kwa hiyo mkifika huko mnakokwenda, kazi ya kwanza, kabla hamjaandika hata mstari, ni jedwali la safu mbili. Kushoto mapatano ya amani, sentensi kwa sentensi. Kulia mahali ilipokwenda kila moja kwenye rasimu. Palipo patupu, uliza. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, hakuna atakayekupiga picha ukiifanya.

Masharti ya mpito yenyewe nitayagusa tu. Kila mara yanaandikwa mwisho, na watu waliochoka, na kila mara ndiyo yanayotumika kwanza. Kenya ibara ya 101 ilisema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, huku Jedwali la Sita likiuhesabu uchaguzi wa kwanza kuanzia mwisho wa Bunge lililokuwapo. Ilibidi mahakama iseme tarehe, na uchaguzi ukafanyika tarehe 4 Machi 2013. Na uchaguzi huo huo ukazaa kesi nyingine ya neno: mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya "kura zote zilizopigwa". Kura iliyoharibika imepigwa au haikupigwa? Mahakama ya Juu ikasema haihesabiwi. Mshindi alikuwa na asilimia 50.07. Neno moja lilikuwa limebeba uchaguzi mzima.

Niingie kwenye lugha, maana baadhi yenu mtaandika au kutafsiri kwa Kiswahili. Kiswahili kimetubariki kwa jambo moja: "atateua" haina mume wala mke, hatuna ugomvi wa viwakilishi unaowasumbua wenzetu. Lakini "-ta-" yetu ni ya hatari. "Rais atateua tume" ni amri, au ni utabiri? Sheria zetu zimeizoea kama amri, sawa, ila mwananchi anayesomewa redioni anasikia ahadi tu. Waafrika Kusini walipoandika katiba yao ya 1996 kwa Kiingereza waliliacha lile neno la kale la kisheria na kutumia neno la wazi la "lazima". Nasi tunalo. "Ni lazima Rais ateue ndani ya siku thelathini" haina mjadala. "Anaweza" nayo ina sura mbili, uwezo na ruhusa. Andika "ana mamlaka ya". Na irudieni sentensi ya karatasi yenu, kisha linganisheni maneno haya: "kwa kushauriana na", "baada ya kushauriana na", "kwa ushauri wa", "kwa makubaliano na". Mtaani hizi ni ndugu. Kwenye ibara ni watu wanne wasiojuana. Chagueni moja, fafanueni, na msibadilishe kwa ajili ya kupendezesha sentensi. Mwalimu wa insha alitufundisha tusirudie maneno. Huku rudieni mpaka mchoshe.

Tena msidhani tafsiri ni kazi ya mwisho ya kumpa kijana mmoja wiki moja. Ibara ya 259 ya Kenya inasema matoleo ya lugha yakigongana, la Kiingereza ndilo linalosimama. Angalau imesemwa. Bosnia na Herzegovina wana katiba iliyoandikwa kwa Kiingereza ikiwa Kiambatisho cha 4 cha mkataba uliojadiliwa Novemba 1995 kwenye kambi ya jeshi la anga huko Dayton, Ohio. Ilisimamisha vita, hilo hakuna wa kulibeza. Lakini iliweka urais wa watu watatu, Mbosniaki (yaani Mwislamu wa Bosnia), Mkroatia na Mserbia, na asiyekuwa mmoja wa hao hawezi kugombea. Mroma mmoja na Myahudi mmoja, Dervo Sejdić na Jakob Finci, walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakashinda Desemba 2009. Zaidi ya miaka kumi baada ya hukumu hiyo ibara ilikuwa bado haijaguswa. Anayekuja kwa ndege kuandika dawa ya dharura akumbuke kwamba mgonjwa anaweza kulazimika kuimeza maisha yake yote.

Mtaniuliza, basi wageni wasiende? Waende. Kamati ya Wataalamu ya Kenya, chini ya Nzamba Kitonga, ilikuwa na wajumbe tisa wenye kura, na watatu walikuwa wageni: Christina Murray wa Afrika Kusini, Chaloka Beyani wa Zambia na Frederick Ssempebwa wa Uganda. Ona hesabu ilivyopangwa: sita kwa watatu. Wageni walikuwa na sauti kamili, lakini hawakuweza kuipitisha ibara peke yao, na hawakujificha nyuma ya neno "mshauri". Napenda mpango ule kuliko ule wa mtaalamu anayetuma maoni kwa barua pepe kutoka mbali na kutumia "nakili na bandika". Tumeshawahi kukuta kwenye rasimu jina la mamlaka ambayo nchi ile haina.

Jambo la mwisho linahusu karani. Mei 2010, nakala za Katiba iliyopendekezwa ya Kenya zikiwa zinachapishwa kuelekea kura ya maoni, iligunduliwa kwamba kwenye ibara ya 24, inayoweka mipaka ya haki, yameingia maneno yenye maana ya "usalama wa taifa" ambayo Bunge halikuyapitisha. Miaka ishirini ya kupigania haki, na zingeweza kutobolewa kati ya ofisi na mashine ya kuchapa. Yalionwa kwa sababu kuna mtu alisoma nakala iliyochapishwa akiilinganisha na ile iliyopitishwa. Kwa hiyo rasimu iwe na mlinzi mmoja anayejulikana kwa jina, kila toleo liwe na namba na saa, na kabla ya kwenda kwa mpiga chapa na baada ya kurudi, watu wawili wakae, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa kidole. Ndiyo, kwa kidole, kama madrasa.

Sasa geuzeni karatasi. Upande wa nyuma mtakuta ile sentensi ya Arusha, ibara ya 96 na ibara ya 302, kwa Kiswahili changu. Mna dakika ishirini kuandika ibara moja badala yake, itakayomruhusu Rais wa kwanza achaguliwe na Bunge na bado itaje ukomo. Ukimaliza, mpe aliyeko kushoto kwako. Yeye atakuwa wakili wa rais anayetaka muhula wa tatu, na amelipwa vizuri. Dada wa nyuma, wewe njoo ukae hapa mbele, nitakupa yangu uitoboe.